Naomba kujua dawa ya kumwachisha mzee sigara bila mwenyewe kujua

Kifungua Mimba: Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada, nimekwama. Mzee wangu anavuta sigara tangu ujana wake na sasa afya imeyumba. Kifua kinambana, usiku anakohoa mpaka anakaa kitandani kashika magoti akitafuta pumzi. Tumeongea naye wote, mpaka wadogo zake, haambiliki. Nimesikia kuna unga unachanganywa kwenye kinywaji, mtu akivuta anatapika na hamu inakata yenyewe. Anayeujua anielekeze, hasa kama hauna ladha, maana mzee anashtuka haraka. Msiniambie "kaa naye umwelimishe", hapo tulishapita.

Nahodha: Pole sana dada. Mimi nimevuta miaka mingi na nimeacha, kwa hiyo nakuelewa. Kilichonisumbua zaidi ni simu. Ikiita tu, mkono unakwenda mfukoni kabla sijajua ni nani anapiga. Nikaanza kuongea na simu nikiwa nimeshika kalamu, naizungusha vidoleni mpaka mazungumzo yaishe. Kiu ya sigara ikija haikai, ukiipisha dakika chache inapita. Siku tatu nne za mwanzo ndizo zilinitoa jasho, nilikuwa nagombana hata na kiti. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kulala vizuri.

Tajiri wa Roho: Mwacheni mzee wa watu amalizie siku zake. Babu yangu alivuta mpaka amezeeka kabisa na hakuwahi kulazwa. Kila mtu na siku yake.

Karani: @Tajiri wa Roho, babu yako tunamwona kwa sababu alibaki. Sigara inaua hadi nusu ya wavutaji wasioiacha, na duniani tumbaku inaondoa zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Hilo la "mzee amalizie siku" nalo lilishapimwa. Mtafiti Richard Doll na wenzake walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza mwaka 1951, wakaendelea nao kwa miaka 50. Walioacha wakiwa na miaka 60 waliongeza takriban miaka 3 ya kuishi, wa miaka 50 waliongeza 6, wa 40 waliongeza 9. Anayesema mzee kachelewa anamnyima miaka yake.

Pilipili Kichaa: Mficheni kiberiti tu, atahangaika mpaka aokoke 😂

Muuguzi wa Zamu: Dada, kabla ya kuongelea unga: mzee aliambiwa ana ugonjwa gani, na sasa hivi anatumia dawa zipi? Usimpe mgonjwa kitu ambacho hata wewe hujui kimetengenezwa na nini. Mtu mwenye kifua kibovu akitapika anaweza kupaliwa, matapishi yakaingia kwenye mapafu.

Kifungua Mimba: Ni dawa za kawaida tu za kifua. Mimi nauliza unga.

Muuguzi wa Zamu: Za kawaida zipi? Vidonge? Ya kuvuta kwa mdomo? Sikuulizi kwa ubaya.

Kifungua Mimba: Ana ya kuvuta kwa mdomo na vidonge. Na ana mashine ya oksijeni, tuliruhusiwa nayo kutoka hospitali. Mapafu yalishaharibika, walisema hayarudi yalivyokuwa. Ila msinishambulie, tuko makini. Anaizima kwanza ndipo anavuta, dirisha nafungua, na nimeshambadilishia zile sigara nyepesi.

Muuguzi wa Zamu: Dada yangu, hilo ndilo lilitakiwa liwe la kwanza kwenye uzi. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini inafanya kila kitu kiwake upesi na kwa ukali. Mashine ikizimwa, hewa ile inabaki kwenye nguo, shuka, nywele na ndevu. Cheche moja ikidondoka kifuani, moto unapanda usoni na kuufuata ule mpira wa oksijeni mpaka puani. Dirisha halitoshi. Leo hii toa kiberiti na sigara chumbani, na chochote chenye moto kikae mbali na mashine. Kama huwa unampaka mafuta ya mgando puani kwa sababu pananyauka, acha pia, tafuta ya kupaka yenye asili ya maji.

Karani: Na hizo "nyepesi" zisikupe moyo. Zina vitundu vidogo kwenye kichungi vya kuingiza hewa, mashine ya maabara ikivuta inapata moshi hafifu. Mtu mwenye kiu ya nikotini anaziba vitundu kwa vidole au midomo, anavuta kwa nguvu na kwa kina. Moshi una kemikali zaidi ya 7,000 na zinazojulikana kuleta saratani ni karibu 70. Wepesi uko kwenye pakiti.

Msemakweli: Samahani wakuu, huu uzi ni wa kutunga. Mzee yuko kwenye mpira wa oksijeni, anakosa pumzi akiwa amekaa tu kitandani. Sasa sigara anazifuata mwenyewe? Na bibie anasema "nimembadilishia". Hizi hadithi za kukusanya majibu tumezizoea.

Pilipili Kichaa: Eeh, hata mimi nimeshangaa. Leta picha ya mashine.

Tajiri wa Roho: Kumbe tumepigwa. Wasimamizi, fungeni huu uzi.

Nahodha: Tulieni jamani, mumpe nafasi ajibu.

Kifungua Mimba: Picha ya baba yangu siweki humu. Msemakweli, umeuliza anazifuataje. Namletea mimi. Niliwahi kumnyima, akatetemeka mikono, hakula, usiku akawa ananiita jina langu la utotoni akiniomba moja tu. Mama hayupo, wenzangu wako mbali, kumwogesha ni mimi, kumgeuza ni mimi. Ninyi mngefanyaje? Ndiyo maana nautaka huo unga, akichukia sigara mwenyewe mimi nitakuwa sijamnyima. Aliyeniahidi nimeshamlipa nusu.

Msemakweli: Nimekuelewa dada. Pole kwa mzigo huo. Ila hiyo nusu iache ipotee.

Muuguzi wa Zamu: Ulichokiona ni arosto ya nikotini. Baba yako hakufanyii makusudi, ubongo wake umezoea kuletewa nikotini sekunde chache baada ya kila pafu, ukikosa unapiga kelele. Dawa zake zipo na hazifichwi. Kuna vibandiko vya kubandika kwenye ngozi na ubani wa kutafuna vyenye nikotini bila moshi, na kuna vidonge kama varenicline na bupropion. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unavitaja vyote, pamoja na ushauri wa ana kwa ana. Bupropion haimfai mwenye historia ya degedege, kwa hiyo lazima daktari apange. Kumkatia ghafla bila chochote mbadala ndiko kulikokushinda.

Kifungua Mimba: Nikienda kusema anavuta, watatunyang'anya mashine. Walipouliza nilisema aliacha.

Muuguzi wa Zamu: Sitakudanganya, wanaweza kuijadili upya. Ila aliyempangia oksijeni alipanga akiamini hakuna moto chumbani. Ukisema ukweli ukiwa na ombi mkononi, kwamba unataka asaidiwe kuacha, mazungumzo yanakuwa mengine. Na baba awepo, aongee mwenyewe. Mapafu hayatarudi, lakini akiacha, kudhoofika kwake kunapungua kasi.

Nahodha: Mwambie pia hao wenzako walio mbali. Ya kumhudumia mzee hayakuumbwa kwa mtu mmoja.

Kifungua Mimba: Kiberiti na pakiti nimeshavitoa. Amegeukia ukutani, hanisemeshi. Kesho asubuhi napiga simu kliniki. Niwaambie nini cha kwanza?

Muuguzi wa Zamu: Anza na oksijeni na moto, wasikie uzito wake. Halafu watakuuliza anavuta ngapi kwa siku na ya kwanza anavuta baada ya muda gani akiamka. Hilo la pili linawasaidia kupanga nguvu ya kibandiko.

Kifungua Mimba: Ya kwanza? Kabla hajakaa sawa kitandani.

Muuguzi wa Zamu: Waambie hivyo hivyo. Na usiku huu, akiita, nenda kakae naye, ila usiende na sigara.