Nani aliwaambia walimu wa Kiingereza kwamba "mustn't" ni "si lazima"?

Wakuu, leo nina hasira na sizunguki mbuyu.

Mdogo wangu anasoma kozi ya Kiingereza. Ameniletea kitini chao nimsaidie mazoezi, nikafika ukurasa wa vitenzi visaidizi nikashindwa kuendelea. Kuna jedwali la safu mbili: "can" ni uwezo, "may" ni ruhusa, "should" ni kupaswa, "must" ni lazima. Chini yake ukaja ukanushi, na hapo "mustn't" na "don't have to" zimewekwa kwenye mstari mmoja na kupewa maana moja: si lazima.

Nilidhani ni uchapaji. Nikafungua zoezi lililosahihishwa. Sentensi ilikuwa "You mustn't open this door", dogo kaandika "huruhusiwi kufungua mlango huu", mwalimu kamwekea kosa kwa kalamu nyekundu na pembeni kaandika "si lazima ufungue". Aliyepata kaambiwa kakosa, na ndivyo atakavyokariri.

Sasa mpeni mtu aliyefundishwa hivyo karatasi ya maelezo ya dawa iliyoandikwa "You must not exceed the stated dose". Kwa jedwali lile atasoma kwamba si lazima azidishe kipimo, akitaka anaweza. Hilo ni katazo, jamani! Mtu anaweza kudhurika kwa sababu ya mstari mmoja wa kitini.

Na jambo lenyewe linaelezeka kwa dakika chache. Kwenye "mustn't", ile "not" inakanusha kitendo, ulazima unabaki palepale: "you mustn't come" ni lazima usije. Kwenye "don't have to" kinachokanushwa ni ulazima: si lazima uje, ukija ni hiari yako. Tazameni Kiswahili kilivyozitenga hizo mbili, "lazima usije" na "si lazima uje". Hakuna Mswahili anayezichanganya. Yaani mwanafunzi anaingia darasani tofauti hii anayo tayari kichwani, mwalimu anachotakiwa ni kumwonyesha tu neno lipi linakaa wapi. Badala yake anamvuruga.

Chanzo cha kuchanganya ninakijua. Kwenye uyakinishi "must" na "have to" zinakaribiana sana, tofauti ni ndogo: "must" mara nyingi hubeba msukumo wa msemaji mwenyewe, "have to" hubeba sharti linalotoka nje, kama sheria au ratiba. Ndipo watu wakadhani hata zikikanushwa zitaendelea kwenda pamoja. Haziendi.

Kuna jambo la pili, na ndilo linaniuma zaidi, kwa sababu halimo kabisa kwenye kitini. Vitenzi hivi vina kazi mbili. Kuna kazi ya kuagiza, kuruhusu na kukataza, na kuna kazi ya kukisia, msemaji anapopima ana uhakika kiasi gani. Kitini kizima kimeshika ya kwanza na kuiacha ya pili kama haipo. Matokeo yake "she must be tired" inatafsiriwa "lazima achoke", utadhani ameamriwa. Sisi tunasema "atakuwa amechoka". "They must have left" ni "watakuwa wameshaondoka". Na hapa ukitaka kukanusha huchukui "mustn't", unachukua "can't": "he can't be the thief", hawezi kuwa ndiye mwizi. Uhakika ukipungua unashuka kwenye "may", "might" na "could", ambazo kwetu ni huenda na pengine.

Bila kujua kazi hizi mbili, mtu atasomaje "may not"? "Visitors may not enter this room" ni wageni hawaruhusiwi kuingia. "Visitors may not come today" ni huenda wageni wasije leo. Maneno ni yaleyale. Na "they should have arrived by now"? Inaweza kuwa lawama, kwamba walipaswa kuwa wamefika na hawajafika, au makisio tu kwamba hadi sasa watakuwa wamefika. Muktadha ndio unaoamua, na kusoma muktadha kunafundishwa. Hakuji kwa kukariri jedwali.

Halafu walimu hawahawa ndio wanaomsimamisha mwanafunzi mbele ya wenzake kwa kusema "can I go out?", eti aseme "may I", wenzake wamcheke. Waingereza wenyewe wanaombea ruhusa kwa "can" kila siku, "may" imebaki ya heshima na ya maandishi rasmi. Muda wa kudhalilisha mtu kwa hilo upo, muda wa kufundisha "mustn't" haupo.

Kuna atakayesema nakuza mambo. Basi tazameni wenye kazi zisizovumilia utata wanavyofanya. Machi 1997 waandishi wa viwango vya intaneti walitoa waraka mzima, RFC 2119, kufafanua tu maneno ya aina hii. "MUST" ni sharti lisilo na mjadala, "MUST NOT" ni katazo kamili, "SHOULD" ni kwamba unaweza kuacha ukiwa na sababu ya msingi na umeyapima matokeo, "MAY" ni hiari. Mwaka 2017 wakaongeza waraka mwingine kusema maana hizo zinashika pale tu maneno yanapoandikwa kwa herufi kubwa. Marekani nako, kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho zilipoandikwa upya na kuanza kutumika Desemba 2007, waliiondoa "shall" kwa sababu ilisomeka mara kama lazima, mara kama hiari. Wanasheria wenye lugha yao walikuwa wanagombana juu ya neno moja, huku kwetu tunapewa nusu ukurasa.

Hata wakati uliopita hawaugusi. "Must" ya ulazima haina umbo la jana, unatumia "had to". "Needn't have gone" maana yake ulienda na hapakuwa na haja, wakati "didn't need to go" haisemi kama ulienda au hukwenda. Kitini kimejaa mazoezi ya kutoweka "s" kwenye "he can" na kutoweka "to" baada ya "must". Sawa, ni kanuni za kweli, lakini ukizikosea unaeleweka. Ukikosea "mustn't" unasema kinyume cha ulichokusudia.

Nataka mwalimu yeyote wa Kiingereza humu ajibu bila kunitajia mtaala: kwa nini "mustn't" na "don't have to" bado zinawekwa mstari mmoja? Na kama una kitini chako, fungua ukurasa huo leo, tuwekee hapa kinavyosema.