Ndege wa shingo njano anayefukua mbegu shambani: ni kanga au kwale?

MamaNdengu (Kibwezi): Habari zenu wadau. Tumepanda mahindi na ndengu, na kila asubuhi nakuta vishimo mstarini, mbegu hamna. Jana nikajibanza nyuma ya zizi nikaona ndege wawili wa rangi ya udongo. Koo halina manyoya, njano tupu! Mimi nasema ni kwale, mume wangu ashikilia ni kanga. Nani mkweli?

MzeeWaTsavo: Mama, kesi umeshinda. Huyo ni kwale shingo-njano. Kanga ana upembe kichwani, madoa meupe mwili mzima, na mara nyingi hutembea kundi zima. Kwale wako mwangalie karibu: ngozi ya kuzunguka jicho ni nyekundu, kifua kina michirizi myeupe, miguu ni myeusi. Dume ana kipi, yaani mwiba wa mguuni, kama jogoo.

Kufukua ndiyo kazi yake. Anaparua kwa miguu, kisha anachimba kwa mdomo akitafuta vinundu vya ndago na mchwa. Mstari uliolimwa juzi ni karamu, udongo ni laini! Jua likiwaka anaingia vichakani, usiku analala mtini. Alfajiri utamsikia dume juu ya kichuguu akikwaruza sauti, bila aibu yoyote. Ukimfuata hutimua mbio kwanza. Akibanwa na mbwa ndipo anaruka kwa kishindo, na hapo utaona baka jeupe-jeupe kwenye bawa.

Zifukie mbegu vizuri, na mtu awe shambani mapema asubuhi na tena saa kumi na moja jioni.

Mswambweni: Huku kwetu pwani koo ni jekundu, mdomo mwekundu, miguu pia. Hupenda pembezoni mwa mashamba. Ni yuleyule?

MzeeWaTsavo: La, huyo ni kwale shingo-nyekundu. Ni ndugu yake, ila apenda penye unyevu zaidi. Wa Mama ni wa nyika kavu.

Kaka_Mtego: Si umwekee kitanzi tu, upate na kitoweo?

MzeeWaTsavo: Kijana, sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 hairuhusu kuwinda hata kwa kitoweo. Usimponze mama wa watu.

MamaNdengu: Asante mzee. Baba watoto amesoma, kanyamaza. Mbwa tunaye, lakini anaogopa hata kuku, kwa hiyo kesho kijana ataamka na debe.