Dhahabu ya Kakamega miaka ya 1930: ardhi iliyoahidiwa wenyeji ilichukuliwaje?

Mwana wa Kilindini (swali)

Assalaam alaykum wanajamvi. Marehemu babu yangu alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini tangu ujanani, na miongoni mwa mambo aliyopenda kutusimulia baada ya sala ya isha ni yale makasha makubwa ya mashine yaliyoanza kushushwa melini katika miaka ya 1930, ambayo hayakuwa ya pamba wala ya kahawa. Makuli waliyapakia kwenye mabehewa ya kwenda bara, na walipouliza yanakokwenda waliambiwa ni Kavirondo, jina la zamani la magharibi mwa Kenya, kuna dhahabu.

Nimekuwa nikisoma habari za machimbo hayo, na kuna jambo moja ambalo sijaweza kulipatanisha. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya amana ya ardhi za wenyeji, iliyotamka kwamba maeneo ya hifadhi yametengwa kwa manufaa ya wenyeji milele. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega, ndani ya hifadhi hiyo hiyo, na haukupita muda wazungu wakajaa kingo za mito wakipigilia vigingi vya kudai sehemu za kuchimba. Je, uchimbaji uliwezaje kuendelea kwa kasi namna ile ilhali sheria ilikuwapo? Na uliishia vipi? Naomba wenye ujuzi wanieleze kwa urefu.

Mwalimu Mstaafu, Tononoka

Waalaykum salaam mwanangu. Sheria hiyo haikuvunjwa. Ilibadilishwa, na kwa maoni yangu hilo ni baya zaidi kuliko kuivunja, kwa kuwa anayevunja sheria anaweza kushtakiwa.

Ili uelewe kasi unayoitaja, anza na hali ya walowezi wenyewe. Tangu mwaka 1929 bei za mahindi na kahawa zilikuwa zimeporomoka duniani, nzige walikuwa wamekula mashamba, na wengi walikuwa na madeni ya benki ambayo hawakuwa na njia ya kuyalipa. Katika hali hiyo, mwaka 1931, Mmarekani mmoja aliyeitwa L. A. Johnson, mlowezi wa upande wa Eldoret, alipata dhahabu katika eneo la mto Yala karibu na Kakamega. Mnamo Septemba mwaka huo huo Uingereza iliacha kuifunga paundi yake na dhahabu, kwa hiyo bei ya wakia moja kwa fedha za Kiingereza ikapanda. Mtu aliyekuwa akipata hasara kwa kila gunia la mahindi alikuwa na kila sababu ya kufunga nyumba, kuchukua hema na karai, na kwenda Kakamega, na walowezi waliofanya hivyo walihesabika kwa mamia.

Sasa tuje kwenye sheria. Ile ya mwaka 1930 ilikuwa na masharti mawili yenye uzito: kipande chochote kitakachoondolewa katika hifadhi ni lazima kifidiwe kwa ardhi nyingine ya kiasi hicho hicho, na baraza la wenyeji lijulishwe kwanza. Serikali ilimwita Sir Albert Kitson, mtaalamu wa miamba aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Gold Coast (Ghana ya leo), aje kukagua, na alipothibitisha kwamba dhahabu ipo, masharti yale mawili yakawa kizuizi. Mnamo Disemba 1932, Gavana akiwa Sir Joseph Byrne, marekebisho yalipitishwa katika Baraza la Kutunga Sheria, kwamba ardhi inayotakiwa kwa madini iweze kutolewa katika hifadhi bila ya kutoa ardhi badala yake, bali kwa malipo ya fedha, na bila ya kulishauri baraza la wenyeji kwanza. Katika baraza lililopitisha jambo hilo hakukuwa na Mwafrika hata mmoja, kwani Mwafrika wa kwanza kuingia humo, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944.

Nimefundisha somo hili miaka mingi, na kila nilipofika hapo darasa lilinyamaza. Neno «milele» lilidumu miaka miwili.

Kulikuwa na waliopinga waziwazi. Arkidikoni W. E. Owen wa Kanisa la Anglikana, yaani padri mkuu aliye chini ya askofu, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo, aliandika barua nyingi kulalamika, na huko Uingereza Lord Lugard, aliyewahi kuwa gavana Nigeria, naye alikosoa. Marekebisho hayakuondolewa.

Binti wa Isukha, Mikindani

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kakamega niliyeolewa huku Pwani, na ningependa kuongeza yale yasiyoandikwa katika sheria.

Kwetu ardhi haikuwa pori tupu lililokuwa likingoja mgeni. Nchi ile ni ya mvua, watu wameishi kwa kubanana tangu zamani, na kila ukoo unajua mpaka wake ulipo na makaburi ya wazee wake yalipo. Mtu aliyelipwa fedha kwa kibanda chake na mahindi yake yaliyokanyagwa alibaki na swali la mahali pa kuhamia, kwani jirani naye hakuwa na nafasi. Wazee wetu hawakuwa na imani na fedha zile, kwa sababu fedha huisha ilhali shamba hurithiwa. Vijana waliajiriwa kuchimba mitaro na kusukuma matoroli, wengi wao ili wapate shilingi za kodi, na wazee walihofu kwamba mgeni aliyeanza na hema angemalizia kwa kujenga.

Machimbo ya Rosterman, karibu na mji wa Kakamega, yalifungwa mwaka 1952, lakini kazi haikwisha. Nilipokwenda kumtazama mama mwaka jana niliwakuta wanawake wamekaa chini ya turubai, mawe yamerundikwa mbele yao, wakiyaponda kwa nyundo hadi yawe kama unga. Unga huo huoshwa kwa maji katika karai, huku mkono ukizunguka polepole, mpaka ubaki mchanga mweusi ulio mzito. Kisha humiminwa tone la zebaki, wakalisugua kwa vidole vitupu, na zebaki hukusanya chembe za dhahabu kuwa donge dogo kuliko punje ya choroko. Donge hilo huchomwa motoni na moshi wake huvutwa na wote waliopo, pamoja na watoto waliobebwa mgongoni. Nilimwomba mmoja wao, ambaye ni shangazi yangu kwa upande wa baba, avae hata glavu. Aliniambia kwamba glavu hupoteza dhahabu.

Sonara wa Mji wa Kale

Kwa kuwa mada ni dhahabu ya wilaya za mashambani chini ya wakoloni, tusisahau kwamba Tanganyika ilitangulia. Wajerumani walikuwa na machimbo ya Sekenke kabla ya vita vya kwanza, na walipozingirwa na kukatiwa njia ya bahari mwaka 1916, walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli ya Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke. Moja iliwahi kuletwa dukani kwetu nikiwa kijana: upande mmoja tai wa Kijerumani, na upande wa pili ndovu aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Baba aliipima, akaishika kiganjani kwa muda mrefu, kisha akamrudishia mwenyewe na kumsihi asiiyeyushe.

Baadaye ikaja Lupa, upande wa Chunya, ambako dhahabu ya mchanga ilivuta wachimbaji wadogo kwa maelfu, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 dhahabu ilikuwa ya pili baada ya katani katika mauzo ya nje ya Tanganyika. Kakamega haikufika huko.

Mwana wa Kilindini

Nawashukuru nyote, na shangazi yake dada yetu Mungu amlinde. Mwalimu, nimebakiwa na jambo moja: yale makasha ya babu yalikuwa ya nini, ikiwa walowezi walikwenda na karai tu?

Mwalimu Mstaafu, Tononoka

Dhahabu ya mchanga wa mito ilikuwa chache, mwanangu. Iliyobaki ilikuwa imejificha katika mishipa ya mawe meupe chini ya ardhi, na huko karai halifiki. Hutakiwa shimo refu, pampu za kuondoa maji, na vinu vya kusagia mwamba. Mlowezi mwenye madeni hakuyamudu hayo, kwa hiyo kazi ikaishia mikononi mwa makampuni yenye mtaji kutoka Uingereza. Yaelekea babu yako na wenzake walikuwa wakipakia vitu vya aina hiyo, vikaenda kwa reli mpaka upande wa Kisumu, na kutoka hapo kwa barabara hadi Kakamega.