Jamaa wa kokoto za samaki pale Mwanjelwa KALAMBA JIWE. Kalamba!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, na si baridi la Mbeya. Nimetoka dukani kwake sasa hivi. Mnamjua, simtaji. Yule mwenye tangi kubwa mlangoni na msemo wake "bei maelewano", halafu hamwelewani.

Wiki mbili zilizopita kaniuzia kilo 10 za kokoto nyeupe. "Maalum za akwariamu, mzigo wa Uchina." Nikasuuza ndoo ya kwanza, ya pili, ya tisa, maji bado maziwa. Ningekuwa na majani ya chai ningeinjika. Nikazimwaga, sentimita 4 chini, tangi likang'aa kama ukumbi wa harusi. Samaki wangu 12 wa neoni wakaanza kuning'inia juu ya maji kama wanasubiri daladala. Leo wamebaki 3, na hao watatu wananiangalia vibaya.

Jana fundi bomba kachungulia: "Dada, mbona umewawekea samaki chipsi za terazo?" TERAZO! Kumbe wanangu wanaishi kwenye sakafu ya benki.

Nikamwagia jiwe moja siki, likatoa povu kama soda. Leo nikabeba jiwe na chupa ya siki mpaka dukani. Wateja kama saba wamejaa. Nikamwaga, likachemka mbele yao. Haya, nieleze! Wakuu, yule mtu akachukua jiwe, akalilamba, akatafakari, akasema: "Chumvi iko sawa, dada. Samaki wako wana presha."

Kalilamba. Na siki yake. Watu wakacheka mpaka mama muuza ndizi akakaa chini. Hela hajarudisha. Samaki 9 wamekufa, mtu analamba jiwe! Nimepanda bajaji mpaka nyumbani bado nauona ule ulimi.

Kandambili_moja: Nimekaa mkao wa kula. Aliuma au alilamba tu?

Mwenye uzi: ALILAMBA. Kama koni.

Mwana_Isanga: Hii chai haina hata sukari. Weka picha ya jiwe.

MzeeWaMbuna: Dada, na wewe siki unamwaga baada ya msiba? Jiwe linajaribiwa kabla ya kununua. Likitoa povu lina chokaa, linapandisha pH (kipimo cha asidi) na ugumu wa maji. Neoni asili yao Amazon, maji laini yenye asidi kidogo. Kwa mawe hayo ungefuga mbuna wa hapo Ziwa Nyasa, wao pH 7.7 mpaka 8.6 ndiyo raha yao. Zitoe kidogo kidogo, usizoe zote siku moja, bakteria wanaokula amonia, sumu ya uchafu wa samaki, wanaishi humohumo.

Kandambili_moja: Mzee umeandika vizuri ila sisi tunataka habari za ulimi.

Mvua_ya_Tukuyu: Mimi nilijifanya mjanja, nikabeba mchanga laini Matema, bure kabisa. Nikajaza karibu nusu tangi. Huko chini hewa haifiki. Siku nimeukoroga, nyumba nzima mayai viza. Mke kaenda kwa mama yake, mpaka leo. Sawa, si mchanga peke yake.

Mwenye uzi: Pole, lakini kwako hakuna aliyelamba kitu.

MamaKande: Mnalilia mawe ya samaki, mimi nimeuziwa mawe ndani ya mchele "wa Kyela". Jino limeondoka na pilau la Idi.

Mwana_Isanga: Mchele wa Kyela hauna mawe. Huo wa Mbarali umebatizwa.

Damu_ya_Usangu: Mbarali imekukosea nini wewe? Mchele wenu unanukia, sawa, na harufu yenyewe mnatutoza!

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye mada. Samaki 9.

Kilemba_cha_gunia: Afadhali nyie wanunuzi. Mimi nalima viazi. Dalali anakuja na lumbesa, gunia limeota kichwa cha pili, nalipwa gunia moja. Nikihoji ananiambia viazi vyangu vimevimba.

Damu_ya_Usangu: Huyo dalali mfupi wa Uyole, mwenye kofia?

Kilemba_cha_gunia: Huyohuyo! Kumbe mnamjua?

MamaKande: Huyo namdai tangu mwaka jana. Na jino langu je?

Mwana_Isanga: La mbele au gego?