Kitabu cha marehemu babu hakichapwi tena: nikigeuze vipi kiwe cha kidijitali?

Mjukuu_Kondele: Hamjambo wanajukwaa. Babu, aliyefariki 1987, aliandika sarufi ya Dholuo, lugha ya Wajaluo. Haijachapwa tena tangu nikiwa mdogo, lakini wanafunzi wa Maseno bado wananitafuta wapate kutoa fotokopi. Tuna nakala moja tu, nayo imeanza kumwaga kurasa. Nilipiga picha kurasa 20 kwa simu nikazipitisha kwenye programu ya kusoma maandishi. Kila ng' ilitoka kivyake: mara ng, mara nq. Majedwali ya vitenzi ndiyo usiseme. Nianzie wapi?

Wakili_Mstaafu: Anzia kwenye mkataba, mjukuu wangu. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, maandishi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki mwandishi, yaani hadi mwisho wa 2037. Je, babu aliuza haki zake au alimruhusu mchapishaji tu? Kama aliuza, andika barua uombe zirudi. Na wajomba zako waambie mapema. Kitabu kisichouzwa hakina mwenyewe. Kikianza kuuzwa utaona ukoo ulivyo mkubwa.

Nyar_Milimani: Mimi ni mhariri. Tafadhali usikate mgongo wa nakala ya mwisho! Iskani ikiwa nzima, angalau nukta 300 kwa inchi, na faili za TIFF, yaani picha zenyewe za kurasa, usizifute hata ukimaliza. Tesseract, programu ya bure ya kusoma maandishi kwenye picha, haina Dholuo, ila ina Kiswahili, nacho kina ng' pia. Jaribu hiyo. Majedwali chapa kwa mkono, utaokoa machozi. Halafu mtu asome neno kwa neno, kitabu cha karatasi kikiwa mkononi. Tahajia ya babu iache alivyoiandika hata kama leo tunaandika vingine.

Mjukuu_Kondele: Asante, dada. EPUB, ile ya maandishi yanayojipanga kufuata kioo cha simu, au PDF?

Nyar_Milimani: Anza na PDF ya picha yenye maandishi chini yake, watu waweze kutafuta neno. EPUB ifuate, lakini humo tia namba za kurasa za zamani. Aliyenukuu ukurasa wa 63 miaka hiyo lazima msomaji wa leo aufikie. Toleo hilo liombee ISBN yake, ile namba ya kutambulisha kitabu, Huduma ya Maktaba ya Taifa ndiyo hutoa.

Mjukuu_Kondele: Sanduku la barua za babu liko kwa shangazi, Ahero. Jumamosi naenda kuutafuta huo mkataba.

Wakili_Mstaafu: Beba sukari.