909 ya AM: unaishika wapi, saa ngapi, kwa redio gani? Tupeane uzoefu

Kaka wa Nguba (Bukavu)

Jamboni wapenzi wa redio. Leo nataka tuongelee namba moja tu: kilohezi 909, masafa ya kati, yaani AM. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa kipimo changu. Mtambo wa VOA, Sauti ya Amerika, wa Selebi-Phikwe, Botswana, ulikuwa unarusha hapo kwa kilowati 600, na mimi niko Bukavu, kilomita kama 2,150 kutoka kule. Nikinunua redio, nikifunga antena, jaribio la kwanza ni 909. Ikisikika vizuri, najua chombo ni kizima.

Ubishi umeanza juzi na rafiki wa Lubumbashi. Anasema yeye alikuwa anaipata saa kumi na moja jioni, jua bado linawaka. Mimi kabla ya saa kumi na mbili sijawahi. Nikachukua ramani. Lubumbashi mpaka Selebi-Phikwe ni kama kilomita 1,150, karibu nusu ya njia yangu. Halafu nikaona jambo ambalo sikuwahi kulitilia maanani: Goma, Bukavu, Lubumbashi na mtambo ule viko karibu kwenye mstari mmoja, kaskazini kwenda kusini. Giza linatuingilia sote karibu wakati mmoja. Fananisheni na 1530, ya mtambo mwingine wa VOA kisiwani São Tomé, ambao uko magharibi yetu: kule jua linazama saa moja na nusu hivi baada ya kwetu, kwa hiyo nusu ya njia inakuwa bado mchana wakati sisi tumeshawasha taa. Mchana lile tabaka la chini la anga, la D, linameza mawimbi ya AM. Jua likitua linafifia, mawimbi yanapita mpaka juu na kurudishwa ardhini mbali kabisa.

Naomba kila mtu aseme yuko wapi, saa ngapi, redio gani, na alichosikia kwa masikio yake. Hata «sikusikia kitu» ni ripoti nzuri.

Yaya Katuba (Lubumbashi)

Rafiki anayesemwa ni mimi. Saa kumi na moja ile ilikuwa Juni, kaka, usisahau. Mwezi huo huku kwetu jua linazama kama saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, na ni kiangazi, hakuna wingu wala radi toka Mei. Desemba jua linachelewa mpaka saa kumi na mbili na nusu, na mvua ndiyo hiyo, kwa hiyo hata mimi Desemba nilikuwa nasubiri.

Nieleze inavyokuja. Mchana kweupe pale 909 kuna mvumo tu, kama mafuta yanakaangwa mbali. Unaacha redio hapo hapo, sauti ya wastani, unaendelea na kazi. Karibu na saa kumi na moja ule mvumo unapungua, kama mtu amefunga mlango wa jikoni. Hakuna neno bado. Hicho kimya ndicho kituo chenyewe, kimeanza kufika. Dakika chache baadaye unasikia mtu anaongea chini sana, anazama, anarudi. Saa moja usiku ameshakuwa kama jirani.

Mimi ni Mbemba kwa mama. Jioni kulikuwa na Studio 7, kipindi cha Zimbabwe, Kishona na Kindebele na Kiingereza. Kishona sikijui, lakini siku wakiongea habari za mvua nilikuwa nashika: wao wanasema mvura, sisi imfula, nyinyi mvua. Nilikuwa nafurahi peke yangu kwenye kiti.

Sasa katikati ya Machi 2025 niliwasha kama kawaida. Mvumo haukupungua. Saa kumi na mbili, haukupungua. Nikadhani waya wa antena ya ndani umekatika, nikafungua kifuniko cha nyuma, nikashika ile fimbo nyeusi ya feraiti, nikafuata nyuzi zake moja moja kwa tochi ya simu. Zote nzima. Nikabadilisha mawe ya redio, yaani betri, nikaweka mapya manne. Mvumo tu. Kesho yake ndipo mtoto wangu akanionyesha kwenye simu kwamba wafanyakazi wa VOA wamepewa likizo ya lazima tarehe 15. Redio ilikuwa nzima. Niliifunga skrubu zake nikaiweka juu ya kabati, na wiki nzima sikuigusa.

Mwalimu wa Ndosho (Goma)

Mimi sikuwa mtu wa kutafuta stesheni za mbali. Redio ilikuwa ya marehemu baba, nasikiliza FM tu kama kila mtu hapa.

Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, umeme ulikuwa umekatika, intaneti pia. Tulilala kwenye korido, mimi, watoto wanne na mama jirani, kwa sababu korido haina dirisha. FM nyingi zilikuwa kimya. Nikasukuma swichi kwenye AM bila matumaini, nikazungusha mshale taratibu, na pale kidogo baada ya 900 nikasikia Kiingereza safi. Safi, ndugu zangu! Sikuelewa kwa nini, maana redio ile ile nyumba ile ile, AM kwangu siku zote ilikuwa kunguruma tu.

Sikio nililitia kwenye spika, sauti nimeipunguza mpaka mwisho ili isisikike nje. Nasikia sentensi, naigeuza Kiswahili kwa kunong'ona, mama jirani anamnong'oneza binti yake. Jina la mji wetu likatajwa. Mtoto wangu wa pili, ana miaka tisa, akaniuliza: «Mama, kumbe wanajua tuko hapa?»

Umeme uliporudi, kunguruma kukarudi pamoja nao. Ndipo nikaanza kuuliza watu, na hivyo ndivyo nilivyofika kwenu.

Kaka wa Nguba

Mwalimu, pole sana, na aksanti kwa kutuambia. Ulichokisikia usiku ule kina sababu. Mji mzima ukiwa gizani, hakuna chaja, hakuna ampuli za LED, hakuna televisheni. Vyote hivyo vinatema kelele kwenye masafa ya kati, na kelele hiyo inasafiri kwenye nyaya za umeme mpaka chumbani kwako. Mtambo wa Botswana haukuongeza nguvu usiku ule. Kilomita zako 2,250 zilikuwa zile zile. Kilichoondoka ni kelele ya Goma.

Papa Kamalondo (Lubumbashi)

Kwangu hakuna kitu. Ghorofa, chini yangu kuna duka la simu, chaja ishirini usiku na mchana. Nikitaka kusikiliza nawasha gari la mdogo wangu tunatoka kidogo nje ya mji, tunazima injini. Huko ndiyo naelewa mnachosema.

Fundi Kadutu (Bukavu)

Kabla hamjalaumu anga, angalieni hatua ya redio. Nimeletewa redio za dijitali zaidi ya kumi, mwenyewe analia «909 haipo». Nakuta imewekwa hatua ya kilohezi 10, mpangilio wa Marekani. Inaruka kutoka 900 kwenda 910, na 909 haiwezi kusimama hapo. Sisi Afrika tunatumia hatua ya 9, na 909 inagawanyika kwa 9 bila baki. Redio nyingi zina njia ya kubadilisha: unazima, unabonyeza kitufe fulani kwa muda, maandishi yanabadilika kuwa 9. Kila kiwanda na kitufe chake, soma karatasi iliyokuja nayo.

Pili, jinsi ya kuiweka. Fimbo ya feraiti imelala kwa upana wa redio. Inasikia vizuri zaidi mbele na nyuma, na kwenye ncha zake mbili ni kiziwi. Botswana iko kusini yetu. Kwa hiyo redio itazame kusini, fimbo ilale mashariki-magharibi. Na hapa sisi wa Bukavu tumebahatika: radi zetu nyingi ziko upande wa magharibi, kule msituni. Ukiilaza hivyo, ile ncha kiziwi inaelekea kwenye radi. Hazifi kabisa, lakini zinapungua, na tangazo linabaki.

Nimetengeneza na kitanzi, antena ya waya wa kuzungusha. Msalaba wa mbao, kila upande wa mraba sentimita 60, waya nimetoa kwenye mota ya mashine ya kusagia unga iliyoungua, ule wenye rangi ya shaba iliyopakwa vanishi. Mizunguko 11. Kwenye ncha mbili nimefunga ile kapasita ya kuzungusha, ya kutafutia stesheni, kutoka redio ya zamani iliyokufa. Basi, hakuna betri, hakuna kuunganisha na redio. Unaisogeza redio karibu na kitanzi, unazungusha kapasita polepole, na kuna sehemu moja ambapo stesheni inainuka ghafla. Mara ya kwanza nilidhani kuna mtu amegusa kitufe cha sauti.

Dada wa Bagira (Bukavu)

Niongeze kuhusu radi, maana nimelipa. Nilikuwa natumia waya wa mita 30 kutoka dirishani mpaka kwenye mti wa avokado, na ulikuwa unaleta vizuri kuliko chochote. Oktoba moja nililala bila kuuchomoa. Radi haikupiga hata kwetu, ilipiga mlimani, lakini asubuhi redio ilikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua na AM imekufa moja kwa moja. FM inafanya kazi mpaka leo.

Nilikuja kusoma kwamba vipimo vya satelaiti vilivyochapishwa 2016 viliweka Kabare kuwa ya kwanza Afrika kwa radi, kama mimweko 205 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka. Kabare, watu wangu! Naiona nikifungua mlango. Chomoeni waya, uwekeni nje ya nyumba, kila usiku.

Himbi Usiku (Goma)

Mimi nina la kusema na najua mtabisha. Baada ya ile Machi 2025, 909 ikawa tupu, nikaendelea kuisikiliza. Jumamosi moja, saa moja na nusu usiku imepita kidogo, nikashika mtu anatangaza mpira kwa Kiingereza. Dakika nne hivi, anazama anarudi. Kelele za mashabiki nyuma. BBC Radio 5 Live iko 909 kule Uingereza. Nasema ilikuwa wao.

Fundi Kadutu

Uingereza ni kilomita 6,500. Kwa redio gani?

Himbi Usiku

Ya mkononi, pamoja na kitanzi kama chako, kidogo zaidi. Nipo karibu na ziwa, na jirani hakuwa na umeme.

Kaka wa Nguba

Tusimkatalie haraka. Majira ya baridi kule, jua linazama karibu saa ile ile ya kwetu, kwa hiyo saa moja na nusu njia yote ingekuwa giza. Lakini ndugu, Machi ikiisha kule siku zinarefuka, jua linakuwa bado halijatua vizuri. Ilikuwa mwezi gani?

Kuna ugumu mwingine. Kutoka Goma, London iko kaskazini ikielemea magharibi kidogo, kama nyuzi 20 tu kutoka mstari wa kaskazini-kusini. Kitanzi kinasikia mbele na nyuma sawasawa. Ukikielekeza Botswana, umekielekeza pia Uingereza, au karibu yake. Kwa hiyo kitanzi hakiwezi kukuambia ni nani. Njia ni moja: uandike alichosema mtangazaji, majina ya wachezaji, goli na dakika yake, halafu uangalie mechi ipi ilichezwa saa hiyo.

Himbi Usiku

Ilikuwa Novemba. Nina jina moja la mchezaji nililolisikia, lakini sikuandika, na sasa siwezi kuapa. Msimu ujao nakaa na kalamu.

Kaka wa Nguba

Hiyo ndiyo kazi. Nakuweka kwenye daftari kama «Kiingereza, mpira, haijathibitishwa».

Jana nimefunga kitanzi cha Fundi, mizunguko 11, nikakaa barazani kuanzia saa kumi na moja na nusu. Nimezima kila kitu ndani, hata friji, mke wangu akaniruhusu mpaka saa mbili usiku tu. Redio inatazama kusini. Saa kumi na mbili na robo, bado mvumo. Radi moja moja kutoka mlima Kahuzi, tap, tap, kama mtu anavunja vijiti. Saa 12:47 ule mvumo ukapungua, vile vile Yaya Katuba alivyoandika, mlango wa jikoni ukafungwa. Nikazungusha kapasita kidogo kidogo. Muziki, gitaa na ngoma, mbali sana. Halafu sauti ya mwanamume, maneno mawili au matatu, lugha sikuitambua, akazama. Nilingoja mpaka saa mbili usiku hakurudi.

Yaya Katuba, ishushe ile redio kwenye kabati. Jumamosi hii, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja na nusu, wewe huko mimi huku, kila mmoja na daftari. Tukisikia wimbo mmoja dakika moja, tutajua ni kituo kimoja.

Yaya Katuba

Nimeshaishusha. Nanunua mawe mapya kesho.

Mwalimu wa Ndosho

Na mimi nitakuwepo. Nitawaomba majirani wachomoe chaja saa hiyo moja.