Naomba ushauri: kitambaa cha usukani wa ndege kimevuta mbao

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Niko Tabora, najijengea kandege ka mbao ka siti moja, nimeanza kuvalisha kitambaa cha poliesta kwenye usukani wa mkiani (kile kibawa cha wima cha kugeuza ndege kushoto na kulia) maana wanasema anza na kipande kidogo ukiharibu hasara ndogo, na kweli nimeharibu. Gundi ilishika freshi, nikapiga pasi nyuzi joto 121 kikakaza vizuri, ila nilivyopandisha kwenda 177 ukingo wa nyuma ukajikunja kwa ndani kati ya ubavu na ubavu (zile mbao za ndani zinazoshikilia umbo), nikiweka rula njiti ya kiberiti inapita. Pasi yenyewe ni ya nguo tu ya hapa nyumbani (mama watoto bado anaidai), namba zake siziamini. Nimebana na ubao na klempu usiku kucha, asubuhi nafungua ukingo unarudi vilevile. Kushona kwenye mbavu bado, na ile rangi ya silva ya kuzuia jua sijagusa.

Sasa nikibandue chote niongeze mbao pale ukingoni, au niache hivyohivyo niendelee? Na nyie joto la pasi mnalipimaje?